Chumba hakina "anarchy": wasomaji wauliza kuhusu maneno ya Kiingereza ya vurugu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Katika insha za kidato cha tatu nimekuta mwanafunzi mmoja ameandika kwamba chumba chake kilikuwa na "anarchy", mwingine kwamba mvua ilileta "clutter" barabarani, na wa tatu kwamba wazazi wake walipotengana moyo wake ulikuwa "untidy". Wote walitazama kamusi kabla ya kuandika, na kamusi tuliyonayo shuleni inayafasiri karibu maneno yote haya kwa vurugu, fujo au ghasia. Ninapoyasahihisha wananiuliza sababu, nami huishia kuwaambia kwamba Waingereza hawasemi hivyo, jibu lisilowatosha wao wala mimi. Je, tofauti ya "mess", "clutter", "chaos", "turmoil", "havoc" na mengineyo ni ya ukubwa wa vurugu tu, au kuna jambo jingine?

JIBU: Ndugu Mwalimu, tofauti ya ukubwa ipo, lakini ukianza nayo ndiyo itakayowapoteza wanafunzi wako. Mtu akiyapanga maneno haya kama ngazi, kuanzia vurugu ndogo hadi kubwa, ataamini kwamba "mess" ikizidi huwa "chaos", na "chaos" ikizidi huwa "anarchy", nayo insha ya chumba kilichovurugika kupita kiasi itaishia pale ilipoishia ya mwanafunzi wako. Kila neno kati ya haya linataka kwanza kujua kilichovurugika ni nini: ni vitu, ni watu, ni mamlaka, ni nafsi ya mtu, au ni mwendo mzima wa mambo? Kiswahili nacho kina desturi hiyo, ingawa kwa kuwa tumeizoea hatuioni. Hakuna anayesema kwamba kabati lake la nguo lina machafuko, hata kama nguo zimo shaghalabaghala, wala gazeti haliandiki kwamba polisi walituliza mchafukoge uwanjani. Litaandika fujo, vurugu au vurumai. Kamusi inayotoa maneno matatu yale yale kwa kila neno la Kiingereza imewanyima wanafunzi wako jambo hilo hasa.

Tuanze na "mess", kwa kuwa ndilo neno la nyumbani, linalotamkwa na mama kwa mtoto. Huhusu vitu vilivyokaa ovyo, au vilivyomwagika, au vilivyochafuka, na kwa heshima Waingereza hulitumia hata kwa kinyesi cha mbwa njiani. Asili yake ni chakula. Lilitoka katika Kifaransa cha kale likiwa na maana ya chakula kilichopakuliwa na kuletwa mezani. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, kwenye Mwanzo 43:34, Yusufu anawapelekea ndugu zake "messes", na "mess" ya Benyamini inazidi za wengine mara tano. Ndiyo maana "mess" ya maofisa wa jeshi au wa polisi ni mahali pa kulia, ambapo sisi husema bwalo, na hapana uhusiano wowote na uchafu. Kutoka sahani ya chakula neno lilihamia kwenye chakula kilichochanganywa, kisha kwenye mchanganyiko wowote usiopendeza, na kufikia karne ya 19 maana ya vurugu ilikuwa imeshika. Kwa msemo wa kawaida, mtu aliyejiingiza katika matatizo ya kujitakia naye huambiwa yumo katika "mess".

"Clutter" ni habari nyingine kabisa, ingawa huonekana katika vyumba vile vile. Kinachotajwa hapa ni wingi wa vitu kupita nafasi iliyopo; kila kimoja huweza kuwa kisafi, kizima na chenye manufaa, lakini vimesongamana hata mahali hapatumiki tena kama palivyokusudiwa. Meza ya karani iliyojaa mafaili, mihuri, vikombe na kalenda za miaka iliyopita ina "clutter", hata kama kila asubuhi inafutwa vumbi. Wataalamu wa rada wamelichukua neno hili na kulipa kazi inayoonyesha maana yake vizuri: kwao "clutter" ni mawimbi yanayorudi kutoka milimani, baharini na kwenye mvua, yakakijaza kioo cha rada alama zisizohitajika na kuificha ndege wanayoitafuta. Kwa hiyo mwanafunzi wako wa mvua amekosea kwa sababu mvua hailimbikizi vitu kidogo kidogo kama afanyavyo mtu asiyetaka kutupa kitu. Kama ilileta matawi, mawe na matope, neno linalofaa ni "debris". Kama ilisimamisha magari na kila dereva akatafuta njia yake, hapo aseme "chaos", na magazeti ya Uingereza hulitumia neno hilo kwa barabara karibu kila majira ya baridi.

Kuhusu "chaos" naomba nikae kidogo, maana ndilo linalotumiwa vibaya kuliko yote, na Waingereza wenyewe hawamo nje ya kosa hilo. Katika Kigiriki cha kale lilikuwa na maana ya ufa mkubwa au shimo lililo wazi. Mshairi Hesiodi, katika utenzi wake juu ya chanzo cha miungu, anasema kwamba Kaosi ndiye aliyetangulia kuwako kabla ya vingine vyote. Ovidi, aliyeandika kwa Kilatini karne nyingi baadaye, aliligeuza shimo hilo kuwa tonge kubwa la vitu vyote vilivyochanganyika kabla ya kutenganishwa nchi, bahari na mbingu, na ni maana hiyo ya Ovidi iliyoingia katika lugha za Ulaya. Kwa hiyo tangu hapo neno hubeba wazo la hali isiyoshikika, ambayo mtu hajui aanzie wapi wala haijui itaelekea wapi. Hapo ndipo linapoachana na "mess". Watoto thelathini wakiwa katika sherehe ya kuzaliwa, huku wakikimbizana, keki ikianguka na umeme ukikatika, hiyo ni "chaos". Wakishaondoka, sebule iliyobaki ni "mess". La kwanza bado linaendelea na halina anayelidhibiti, la pili limetulia likingoja ufagio.

Wanahisabati wamelichukua neno hili pia, na matumizi yao yamewachanganya watu wengi wasomao makala za sayansi. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa katika chuo cha MIT nchini Marekani, alikuwa akirudia hesabu katika kompyuta yake, na badala ya kuingiza namba 0.506127 akaingiza 0.506, akidhani tofauti ndogo namna ile haiwezi kuwa na athari. Hali ya hewa iliyotabiriwa ikaanza kama ile ya awali, kisha ikaachana nayo kabisa. Alichapisha matokeo yake mwaka 1963, na jina "chaos" likapewa jambo hilo katika makala ya Li na Yorke ya mwaka 1975. Angalia kwamba milinganyo ya Lorenz ilikuwa na kanuni kamili, isiyoacha kitu kwa bahati nasibu. Kilichokosekana ni uwezo wa kutabiri mbali. Hata katika hisabati, basi, "chaos" haimaanishi kukosekana kwa sheria, na mwanafunzi wa sayansi akumbuke hilo kabla ya kulitafsiri kwa vurugu.

Mwanafunzi wako wa tatu, aliyeandika habari za wazazi wake, alihitaji "turmoil". Neno hili linataka kitu chenye uhai au chenye hisia ndani yake: mtu, familia, chama, taifa, hata soko la hisa, ambalo Waingereza hulizungumzia kama kwamba nalo lina hofu. Mtu aliye katika "turmoil" anatokota kwa ndani, hata kama anakaa kimya na amepiga pasi nguo zake. "Untidy" haikufaa kwa sababu ni neno la nje tupu, la nywele, mwandiko, kitanda na mashati. Ni dogo kuliko "mess" na halina lawama kubwa. Ninavyoona, huyo ndiye aliyekuwa karibu zaidi na jambo la kweli katika watatu hao, na ningempa alama za kujaribu.

"Anarchy" nalo linahusu mamlaka. Limeundwa kwa Kigiriki kutokana na kukosekana kwa mtawala, na linafaa mahali palipo au palipopaswa kuwapo na utawala: nchi, mji, jela, labda darasa ambalo mwalimu wake amelikimbia. Chumba hakina serikali, kwa hiyo hakiwezi kuipoteza. Tena lina upande wa pili ambao insha za shule huusahau: tangu Mfaransa Pierre-Joseph Proudhon alipojiita mwanarkia mwaka 1840, wapo wanaolitumia kwa sifa, wakiamini kwamba watu wanaweza kupanga maisha yao vizuri bila dola juu yao. Kwa hao, kulitafsiri kwa vurugu ni kuwatukana.

"Havoc" halielezi hali, linaeleza uharibifu, na kila mara linamtaka mharibifu. Hapo zamani lilikuwa ukelele wa vitani: kamanda akiutoa, askari waliruhusiwa kuvunja safu na kuteka nyara wapendavyo, na ukitolewa kabla ya wakati jeshi lote lingeweza kuangamia kwa tamaa. Kanuni za vita za mfalme Richard wa Pili wa Uingereza, za mwaka 1385, zilimtishia kukatwa kichwa atakayeutoa bila ruhusa. Waliosoma tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963, watakumbuka Antony akiwa peke yake na maiti, akitabiri kwamba roho ya Caesar itakuja kuupiga ukelele huo. Siku hizi havoc hufanywa na mafuriko, na nzige, na panya, na virusi vya kompyuta, na vitenzi vyake ni vichache: "cause", "wreak" au "play". Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilizobomoa barabara na madaraja katika Kenya na Tanzania zilifanya "havoc" kwa maana kamili ya neno. Mwanafunzi akiandika kwamba darasa lilikuwa "a havoc", mwulize nani alifanya na aliharibu nini. Akikosa jibu, alitaka "chaos".

Limebaki "shambles", ambalo kila mwaka kuna mwanafunzi anayedhani limetokana na shamba letu. Halina undugu nalo. Lilianza kama benchi au meza ya kuuzia nyama, likawa soko la nyama, kisha machinjio, kisha mahali palipojaa damu na maiti, na ni katika karne ya 20 tu ndipo lilipopoa na kuwa vurugu ya kawaida. Mji wa York hadi leo una mtaa uitwao Shambles, uliokuwa wa wachinjaji, na katika ile Biblia ya 1611 Mtume Paulo anawaambia Wakorintho wale chochote kiuzwacho katika "shambles", mahali ambapo Biblia yetu inasema sokoni. Damu imeondoka, lakini dharau imebaki: "shambles" husemwa juu ya jambo lililopaswa kupangwa na wenye dhamana, nao wakashindwa kwa aibu, kama uchaguzi wa chama usio na karatasi za kura au safari ya timu isiyo na tiketi za kurudi. Mwaka 2012 wahariri wa kamusi za Oxford walilichagua kuwa neno la mwaka nchini Uingereza neno "omnishambles", lenye maana ya mambo yaliyoharibika kila upande, na wanasiasa walijua vizuri ni nani wanaosemwa.

"Pandemonium" na "bedlam" nayaunganisha, maana yote mawili ni ya kelele. La kwanza lilibuniwa na mshairi Milton mwaka 1667 liwe jina la jumba kuu la mashetani. La pili ni jina lililokatwa la hospitali ya Bethlehemu ya London, iliyoanzishwa mwaka 1247 na baadaye kuwa mahali pa kuwafungia wagonjwa wa akili. Penye utulivu maneno haya hayatumiki, hata vitu viwe vimepinduka kiasi gani.

SWALI: Ninasomea sheria Dar es Salaam. Kanuni yetu ya Adhabu ya Kiingereza inataja watu walio "idle and disorderly". Je, "disorderly" hapa ni mchafu, mvivu, au mfanya fujo? Na "riot" ina tofauti gani na "disorder"?

JIBU: Ndugu msomaji, si uchafu. "Disorder" ni neno la ofisini na mahakamani, ambalo mtu halitumii nyumbani kwake ila kwa mzaha. "Order" inayokanushwa ndani yake ni utulivu wa hadhara, yaani ule mwenendo ambao dola inautarajia kwa kila mtu aliye barabarani, na mwenye kuuvunja ni "disorderly" hata awe amevaa suti iliyonyooshwa. Ndiyo maana kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinawakusanya pamoja watu wasiofanana hata kidogo: ombaomba, mcheza kamari hadharani, kahaba mwenye mwenendo usio wa adabu mahali pa watu. Mtu anaweza kuuliza, na wanasheria wengi wameuliza, kama umaskini wa ombaomba unastahili kuwekwa katika fungu moja na fujo. Lugha ya kifungu hicho ni urithi wa sheria za Kiingereza za kuwadhibiti wazururaji, na ina harufu ya zama zake.

"Riot" ni kosa lenye masharti yake. Kifungu cha 74 kinaanza na mkusanyiko usio halali, ambao unahitaji watu watatu au zaidi wenye nia ya kutenda kosa, au wanaojiendesha kwa namna ya kuwatia hofu majirani kwamba amani itavunjwa. Mkusanyiko huo ukianza kulitekeleza kusudi lake kwa kuvunja amani na kuutisha umma, ndipo huitwa "riot". Kwa hiyo mlevi mmoja anayepiga kelele usiku ni "disorderly", lakini peke yake hawezi kuwa "riot", hata akiwaamsha watu wa mtaa mzima. Mwandishi wa habari anayeandika kwa Kiingereza awe mwangalifu hapa, kwani kuwaita watu waliokuwa wakiimba barabarani "rioters" ni kuwatuhumu kosa la jinai.

SWALI: Mimi ni muuguzi. Katika vitabu vyetu naona "disorder" mahali pengine na "disease" mahali pengine. Kwa nini, na je, mgonjwa mwenye "disorder" ni "disorderly"?

JIBU: Hapana, na tafadhali usimwandike hivyo katika faili lake. Kivumishi "disorderly" kimebaki upande wa polisi. Upande wa tiba hutumika "disordered", tena kwa kitu kama usingizi, ulaji au mawazo, na si kwa mtu. "Disorder" ya kitabibu husema kwamba kazi fulani ya mwili au ya akili haiendi kama inavyopaswa, bila kulazimika kutaja chanzo chake, wakati "disease" kwa kawaida hudokeza kwamba kuna ugonjwa uliokwisha kutambuliwa na unaoelezeka. Ndiyo maana elimu ya magonjwa ya akili inapenda sana "disorder": Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilipotoa toleo la 3 la mwongozo wake mwaka 1980, na kuingiza ndani yake madhara yanayompata mtu baada ya kiwewe, kiliyaita "disorder". Mpaka huo hata hivyo si ukuta. Selimundu huitwa "disease", na papo hapo huhesabiwa kati ya "blood disorders", wala hakuna daktari anayeona kosa. Angalia pia kwamba katika tiba neno hili huhesabika na lina wingi, jambo ambalo upande wa utulivu wa hadhara ni nadra.

SWALI: Nifanyeje na kile kineno "a" kinachotangulia nomino za Kiingereza? Nimesahihishwa kwa kuandika "a chaos", nikasahihishwa tena kwa kuandika "in mess".

JIBU: Hapa hakuna kanuni ya kukutoa bila kukariri. "Mess" huhesabika, kwa hiyo ni "a mess" na "in a mess". "Shambles" lina umbo la wingi lakini husimama kama umoja, nawe utasema "a shambles". "Chaos", "clutter" na "havoc" hayahesabiki, kwa kawaida hayapokei "a", wala hayana wingi. "Turmoil" mara nyingi huja peke yake, "in turmoil", ingawa utakuta pia "a state of turmoil". "Disarray" nalo ni "in disarray", na hilo lina sharti la ziada ambalo wanaojifunza huliruka: lazima mpangilio uwe ulikuwapo. Neno lililomo ndani yake, "array", lilihusu safu za askari na mavazi yaliyovaliwa kwa utaratibu, kwa hiyo jeshi lililovunjika, nywele zilizosukwa kisha zikafumuka, au chama kilichosambaratika baada ya kushindwa uchaguzi viko "in disarray". Rundo la matofali ambalo halijawahi kupangwa haliwezi kuwa hivyo. "Confusion" hufuata mkondo huo huo usio na "a", ila angalia kwamba watu wanaokimbia mlangoni wamo "in confusion", na mtu mmoja asiyeelewa swali la mtihani ni "confused".